Sahani ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 5 Mei

Nimetoka ofisini nikapitia Ngamiani kwa mama, kama kila siku. Nimempima sukari. Iko juu. Nimeosha kidonda cha kidole gumba cha mguu wa kulia, nimefunga upya. Nimemwambia hakijaongezeka. Sina hakika.

Mchana kala wali wa nazi. Nimemuuliza da Zuhura, kala kiasi gani? Da Zuhura ni dada yangu mkubwa, anakaa na mama tangu alipoachika, na jiko ni lake. Kanitazama kama niliyemuuliza bahari ina vikombe vingapi. Wanakula sinia moja, yeye, mama na Bi Rukia wa nyumba ya pili. Nani atajua mama kamega matonge mangapi? Kila mmoja anamsogezea mwenzie.

Na mimi ndiye afisa lishe. Ndiye niliyeteuliwa kwenye kikundi kazi cha kuandika mwongozo wa taifa wa ulaji kwa watu wazima, mwakilishi wa pwani yote ya kaskazini. Mganga hajigangi, wahenga walisema. Hawakusema kwamba hata mamake hamgangi. Nimerudi kwangu Makorora na baiskeli, nimekula mihogo iliyobaki jana, nimelala mapema.

Jumatano, 7 Mei

Rasimu ya sura ya tatu imekuja. Nimeisoma ofisini, feni imekufa tangu Ijumaa. "Mtu mzima ahimizwe kuzingatia ulaji wa makundi anuwai ya vyakula." Nani anaongea hivyo duniani? Nimefuta. Nimeandika: Kula mboga kila mlo. Nimefurahi kama mtoto aliyepata peremende.

Picha ya jalada itakuwa sahani. Nusu yake mboga na matunda, robo wanga, robo samaki au maharage. Hiyo sahani ni yangu. Wenzangu walitaka piramidi, mimi nikaipigia debe sahani mpaka sauti ikakauka. Piramidi nani kaiona? Sahani hata asiyejua kusoma anaielewa. Hata mama.

Ijumaa, 9 Mei

Kliniki na mama. Daktari kaniita ndani peke yangu, mama kabaki kwenye benchi. Sukari isiposhuka kidole kitakatwa, na kidole kikianza hakiishii kidole. Kasema kwa upole, ndiyo maana nimeogopa zaidi.

Nimemwambia itashuka. Nimeahidi kama mtu mwenye uwezo.

Njiani mama kataka tusimame anunue mkate wa ufuta. Nimekataa. Bajaji nzima hadi Ngamiani kaangalia nje tu.

Jumanne, 13 Mei

Agizo kutoka kwa mwenyekiti wa kikundi kazi. Kila mjumbe aujaribu ujumbe wa sahani kwenye kaya ya eneo lake kabla ya kikao cha mwisho Morogoro. Nimecheka peke yangu. Kaya ninayo.

Nimepita sokoni nikachagua sahani. Nyeupe, ukingo wa buluu. Nimechagua iliyo nzuri kuliko zote ili aipende.

Alhamisi, 15 Mei

Leo tumeanza. Nimeenda saa ya chakula. Da Zuhura kapakua sinia kama kawaida, bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi, na changu mzima juu. Mimi nikampakulia mama sahani yake kwa mkono wangu. Mchicha nusu. Bada kidogo, matonge mawili matatu. Kipande cha samaki nilichokiweka pembeni mapema. Nikamwekea juu ya kigoda.

Mama akaitazama sahani. Akalitazama sinia.

Nyumba hii samaki anamegwa na mama. Anampasua mgongoni, anatoa miba, anamwekea kila mtu kipande mbele yake, kichwa cha mgeni. Hata baba alipokuwa hai alikaa mikono imeoshwa akingoja kuwekewa. Leo samaki kakaa mzima mpaka mchuzi ukapoa. Mwisho kamega da Zuhura, vibaya, miba kila mahali. Bi Rukia kala matonge machache akasema ana nguo kambani.

Mama kamaliza sahani yake. Alhamdulillah. Nimeandika kwa ajili ya Morogoro: ujumbe umepokelewa vizuri.

Jumatatu, 19 Mei

Sukari imeshuka! Si sana, lakini imeshuka. Nimepiga kengele ya baiskeli njia nzima bila mtu wa kumpigia. Nimemwandikia mwenyekiti. Kajibu hongera, kaomba picha ya mama na sahani.

Mama kakataa kupigwa picha. Ati hajajifunika vizuri. Alikuwa kajifunika vizuri.

Alhamisi, 22 Mei

Bi Rukia haji tena kula. Huyu na mama wamekula pamoja tangu wasichana. Waliolewa mwezi mmoja, wakapanga ua mmoja.

Leo kaniita barazani kwake. Nimempa shikamoo, kaitikia marahaba, kaniuliza afya, kazi, bei ya nazi, akazunguka kweli kweli. Kisha akashusha sauti: "Mwanangu, mimi si mtu baki. Ni kifua?"

Kumbe mtaa mzima unasema mama ana kifua kikuu. Mtu hutengewa chombo akiwa na maradhi ya kuambukiza, hilo hata mimi najua, nimelelewa humu humu. Nikamwambia si kifua, ni ile ile sukari. Akasema, "Sukari haiambukizi. Sasa mmemtengea nini?"

Nikamweleza nusu na robo. Kanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu kaniambia nimsalimie mama, na mama yuko ukuta wa pili.

Nimeudhika. Na Bi Rukia, na mtaa, na mdomo wangu.

Jumapili, 25 Mei

Kesho asubuhi safari ya Morogoro. Mama siku hizi anasema atakula chumbani kwake, uani kuna nzi. Da Zuhura anasema sahani inarudi safi, haina hata punje. Sukari iko chini kuliko ilivyowahi kuwa. Kanga anaizungusha mara mbili kiunoni, kapungua. Nimemwambia kapendeza.

Kuku wa da Zuhura wamehamia nyuma ya dirisha la mama, wanakaa pale kama wana kikao.

Nimeacha maagizo. Vidonge vya sukari asubuhi na jioni, asikose. Sahani kama nilivyoonyesha.

Jumanne, 27 Mei. Morogoro

Ukumbi una kiyoyozi cha kuua, nimejifunga mtandio mabegani. Chai ya saa nne: andazi, keki, soseji, soda. Hiki ni kikao cha kuwaambia Watanzania wapunguze sukari na mafuta. Nimecheka, kacheka na mwenzangu wa Kanda ya Ziwa, wengine wanatafuna kwa makini.

Mchoraji kaweka uma na kisu kando ya sahani. Asubuhi nzima tumebishana. Kisu kimetolewa, uma umetolewa, kijiko kimebaki. Nikauliza, na mkono je? Mwenyekiti akasema mkono hauchoreki vizuri.

Mchana nikatoa taarifa ya majaribio yangu. Kaya moja ya Tanga, mama mtu mzima mwenye kisukari, ameipokea sahani, sukari imeshuka. Wamepiga makofi. Picha ya jalada imepita. Mwenyekiti kanipa mkono mbele ya watu.

Nimempigia mama jioni. Kasema kala.

Jumatano, 28 Mei. Chalinze, basi limesimama

Mama kaanguka.

Da Zuhura kapiga simu asubuhi tukiwa tunaanza safari ya kurudi. Kamkuta uani, jasho linamtoka, baridi kama maji ya mtungi, hajui jina lake. Da Zuhura kapiga yowe. Kaja Bi Rukia mbio bila viatu, kamwekea sukari mdomoni kwa kidole, kamsugulia kwenye fizi, mpaka macho yakarudi. Sasa yuko hospitali.

Alimeza vidonge kwenye tumbo tupu. Hakula leo. Hakula jana. Sijui ni tangu lini. Kumbe chakula alikuwa akiwamwagia kuku dirishani, sahani anaifuta kwa kanga.

Ile sukari niliyoipiga marufuku ndiyo iliyomrudisha. Dereva anakula chipsi mayai, hana haraka.

Alhamisi, 29 Mei

Yuko hai. Kakaa kitandani wodini, kasuka nywele, na mimi ndiye niliyeonekana mgonjwa.

Nilimuuliza kwa nini, mama? Hakunijibu mimi, kaujibu ukuta. "Nimewamegea samaki tangu hamna meno. Mtu akichokwa huwekewa chake pembeni."

Nikasema si hivyo, mama, ni kidonda, ni mguu wako. Akasema anajua. Akaniuliza kama nimekula.

Nimelia msalani. Kuna mtu alikuwa anagonga mlango, nikamwacha agonge.

Jumamosi, 7 Juni. Idd

Sinia limerudi. Sahani nimeipandisha mwenyewe juu ya kabati. Pilau, kachumbari, nyama ya jirani aliyechinja. Mama kagawa nyama. Bi Rukia kacheka cheko lake lile la kusikika msikitini, na waliopita barabarani wakatoa salamu za Idd dirishani. Kwa muda nilisahau kila kitu.

Kisha mama akatokwa jasho kidogo, joto tu, nyumba ilijaa watu. Da Zuhura akaruka na kikombe cha chai, sukari imejaa mpaka haikorogeki. Na kando ya kitanda kuna kopo la halua. Nikamwambia, da Zuhura, hapana. Akaniambia, "Ulikataza mwanzo, tukaona."

Hajawahi kunipandishia sauti tangu nizaliwe, na leo pia hakuipandisha.

Jumatano, 11 Juni

Kipimo leo hakikutoa namba. Kimeandika tu kwamba sukari iko juu mno.

Kila mtu sasa anaogopa ishuke. Hakuna anayeogopa ipande. Kupanda hakumwangushi mtu uani mbele ya watu. Nimewaeleza. Nimechora mpaka mishipa ya damu nyuma ya bahasha. Da Zuhura anaitikia, ndiyo, ndiyo, na kikombe kiko mkononi.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwandikia mwenyekiti. Nimeomba picha irudishwe mezani. Nimesema wazi kwamba taarifa yangu ya Morogoro haikuwa kweli, kwamba sahani ilikuwa ikiliwa na kuku. Nimesema huku kwetu watu wanakula kwenye sinia, mikono minne mitano, na mtu hana robo yake wala nusu yake. Ukimchorea mtu sahani ya peke yake umemchorea mgonjwa.

Kajibu mchana huo huo. Yeye hujibu upesi, hilo nimpe. "Lakini ni wewe uliyeipigia debe." Picha imeshapita, mchoraji kalipwa. Masuala ya utamaduni yataingia kwenye kiambatisho. Niandike ukurasa mmoja.

Haya. Ukurasa mmoja.

Jumapili, 22 Juni

Nimeandika ukurasa. Mboga zirundikwe upande wa mwenye sukari. Wali uwekwe mbali naye. Asiondolewe kwenye sinia. Naona ndio ukurasa pekee wa maana niliouandika kwenye kitabu kizima.

Kisha nikaujaribu. Nimepanga sinia mwenyewe, kisamvu chote upande wa mama. Bismillahi. Mama akachota kisamvu akamsogezea da Zuhura. Da Zuhura akasukuma wali kwa mama, maana mgonjwa hali vizuri. Bi Rukia akasukuma wali. Na mimi, Mola nisamehe, nilipoona mama kanyoosha mkono haufiki, nikasukuma. Mkono wenyewe ulikwenda.

Unamkatazaje mtu kumsogezea mwenzie? Sijui. Ukurasa nimeutuma hivyo hivyo.

Alhamisi, 26 Juni

Nimebadilishiwa ratiba, semina Pangani siku nzima. Nimefundisha watu ukumbi mzima. Wameandika kila nilichosema.

Jumanne, 1 Julai

Nimefungua bandeji, nimejua kabla sijaona. Harufu. Kidole cheusi.

Mama kauliza kikoje. Nikasema twende hospitali wakakitazame. Kavaa baibui lake jipya. Kauliza tena ndani ya bajaji, nikajifanya sisikii.

Alhamisi, 3 Julai

Wamekata kidole.

Nesi wa zamu, binti mdogo tu, alikuwa akibadilisha shuka. Kasema, si kwa ubaya, "Ndiyo hivyo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Anamaanisha wagonjwa wasiosikia tunayowaambia.

Nimelifikiria neno lake njia nzima. Mkuu nani? Mkuu ni mama. Asiyesikia ni mimi. Guu ni lake.

Nimepita dukani kununua sabuni, nikasahau kilichonipeleka, nikatoka na viberiti.

Jumatatu, 14 Julai

Hakikuishia kidole. Daktari alisema tangu Mei. Wekundu umepanda hadi kwenye kifundo cha mguu, na homa. Tunasubiri. Da Zuhura kaacha kuleta halua, bila kuambiwa. Analeta mchicha kwenye hotipoti, kaupika bila nazi, hautamaniki. Mama anakula wote ili kumfurahisha.

Sasa kila mtu anafuata mwongozo.

Ijumaa, 18 Julai

Chini ya goti. Wa kulia.

Nimetia sahihi mimi. Da Zuhura mikono ilikataa.

Jumamosi, 19 Julai

Kaamka. Kaangalia shuka pale lilipolala bapa. Kauliza wameupeleka wapi. Nikamwambia umezikwa, Bi Rukia na wanaume wa mtaani wameshughulika. Kasema, "Umetangulia," akafumba macho.

Jumapili, 3 Agosti

Yuko nyumbani. Wamekuja watu wengi, chumba kilijaa, hakuna aliyetaja mguu. Wametaja mvua.

Wakaondoka, tukabaki wenyewe. Da Zuhura katandika mkeka, kaweka sinia. Ndipo tulipoona. Mama hawezi kushuka chini. Kukunja goti hawezi, kidonda kibichi, na tukimshusha hatutaweza kumpandisha. Tukasimama pale kama watu waliopotea ndani ya nyumba yao.

Da Zuhura akaenda kwenye kabati. Akaishusha ile sahani ya ukingo wa buluu, akaipangusa vumbi kwa mkono. Hakunitazama.

Mama kala kitandani, ametupa mgongo nusu. Sisi tumekula chini, mlangoni pake. Samaki hakuna aliyetaka kumgusa. Bi Rukia kalibeba tonge lake akaenda kulimalizia barazani.

Nilitaka sahani hii tangu Mei. Sasa anakula mboga nusu, wanga robo, samaki robo, na anamaliza, kuku hawapati kitu. Sukari imetulia. Namchukia mtu aliyeibuni.

Jumanne, 19 Agosti

Barua pepe ya mwenyekiti. Kitabu kimeenda kiwandani. Kiambatisho kimeondolewa ili kitabu kiwe chepesi. Anashukuru kwa mchango wangu mkubwa.

Nimepika chai. Nimeweka sukari vijiko vilivyojaa, nikainywa yote, tamu mpaka koo linawasha. Kisha nikaenda kuosha kidonda.

Jumatano, 27 Agosti

Hakuna jipya. Mama anapoletewa sahani anasema ahsante, kama mgeni. Ile ahsante inaniuma kuliko matusi.

Bi Rukia kaja kaketi ukingoni mwa kitanda, hakuondoka mpaka adhana. Nikamsikia akilalamika kwamba tangu Mei hajaonja kichwa cha samaki, kwake hakuna wa kumpa. Mama akacheka kidogo. Kidogo sana, lakini nimesikia.

Alhamisi, 11 Septemba

Vitabu vimefika ofisini, na mabango. Karatasi nzito, rangi nzuri, hilo nalo niseme. Jina langu liko ukurasa wa nyuma, wamekosea herufi moja. Bosi kanipongeza. Wamebandika bango mlangoni, la pili kwenye korido.

Nimechukua moja nikalipeleka Ngamiani. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka anitukane.

Mama kaomba miwani. Kalishika bango kwa mikono miwili. Meza safi. Sahani. Kijiko. Mtu mmoja anatabasamu, kavaa shati jeupe. Nyuma yake hakuna mtu, hakuna mkono mwingine, hakuna hata kikombe cha mwenzie. Kalitazama muda mrefu, kweli anataka kuelewa.

"Maskini," kasema. "Kafiwa na nani?"

Da Zuhura kacheka. Nami nikacheka. Halafu nikatoka uani nikashika kamba ya nguo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimefika baada ya swala, bado watu wanarudi kutoka msikitini. Nimeegesha baiskeli uani. Kuku wanakunywa maji kwenye sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu.

Chumbani, Bi Rukia kaleta meza yake ya kufumia, ile ndefu, kaiingiza mpaka ikagusa kitanda. Sinia liko juu yake. Wali wa nazi, kisamvu, changu mzima. Da Zuhura kakalia ndoo, Bi Rukia kakalia kigoda, kidevu kinafika kwenye meza kama mtoto. Mama katikati, kaegemezwa mito, kanga mpya begani. Hakuna aliyenieleza kitu. Da Zuhura kanisogezea maji ya kunawa tu.

Nikasema shikamoo. Mama akaitikia, akaniambia niketi, chakula kinapoa. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, pale ulipokuwa ukilala mguu.

Akampasua samaki mgongoni. Ilimchukua muda, hakuna aliyemsaidia. Kichwa kwa Bi Rukia. Mgongo kwa da Zuhura. Akachambua miba ya tumbo, mmoja mmoja, akaiweka kando. Tumbo lenye mafuta, akaliweka mbele yangu.

Wali ulikuwa mwingi upande wake. Niliuona.

Nikala nilichomegewa.